Pweza na kasa wa unga: jinsi ya kuwafinyanga na watoto

Vikombe 2 vya unga wa ngano wa kawaida (si ule unaojiumua), kikombe 1 cha chumvi laini na maji yasiyozidi kikombe 1 vinatosha watoto wanne. Chumvi ya mawe haifai, chenga zake huchana minyiri, yaani mikono ya pweza. Tia maji kidogo kidogo, kanda dakika 10. Donge likinata, ongeza unga. Likipasuka pembeni ukilibonyeza, lowesha viganja uendelee kukanda. Mwenye mchubuko abandikwe plasta kwanza, chumvi itamchoma. Wadogo wanaotia kila kitu mdomoni wasiachwe peke yao: chumvi hiyo ni nyingi mno kumezwa.

Anzeni na pweza. Minyiri ikibandikwa mmoja mmoja hudondoka ikikauka. Viringisheni kamba 4 za sentimita 16, unene wa kidole cha mtoto, mzipishanishe katikati na kubonyeza zinapokutana. Hiyo tayari ni minyiri 8 isiyo na kiungo. Kisha tufe la kipenyo cha sentimita 4: mtoto alichome kwa dole gumba kutoka chini, ukuta ubaki sentimita 1 hivi. Tufe lisilo na uwazi hubaki bichi ndani na kuota ukungu. Mkwaruze kwa njiti pale tufe na minyiri vinapogusana, mpake maji, mkandamize. Huo mfuko tunaouita kichwa ndio kiwiliwili chake, kwa hiyo macho yakae chini, karibu na minyiri. Pindueni ncha zitazame juu, mpige safu 2 za vinyonyio kwa mrija wa kalamu. Kazi hii watoto huipenda sana, msiwaharakishe.

Kasa ni rahisi zaidi: gamba la sentimita 7, mapezi ya mbele marefu kuliko ya nyuma, shingo nje, maana kasa wa baharini hawezi kuingiza kichwa gambani. Kwa kasa kijani, aina mojawapo ya kasa wa baharini, chora mabamba makubwa 5 katikati na 4 kila upande.

Msianike juani siku ya kwanza. Nje hukauka na kusinyaa huku ndani kukiwa na maji, ndipo nyufa zinapotokea. Siku moja kivulini juu ya wavu, mkigeuza mara kwa mara, kisha jua siku 2 au 3. Kwenye oveni, nyuzi 100 kwa saa 2 hadi 3. Moto mkali huvimbisha.

Rangi ya maji ipakwe baada ya kukauka kabisa, kisha vanishi mara 2, na chini pia. Pwani chumvi huvuta unyevu wa hewani, na pweza asiye na vanishi hulainika tena.