Somo: Kuunganisha majedwali kwa SQL ghafi ndani ya Django

Somo hili linamhusu anayeitumia ORM ya Django kila siku (sehemu ya mfumo huu wa Python wa kujengea tovuti inayokuandikia SQL, lugha ya hifadhidata), lakini amefika mahali ambapo filter() na select_related() hazimpi anachotaka. Tuchukue mfumo wa SACCOS wenye modeli Mwanachama na Mchango, ambapo mhasibu anahitaji orodha ya wanachama wote na jumla ya michango yao ya mwezi fulani, wakiwemo wasiotoa chochote.

Kwanza andika kwiri (ombi la data kwa SQL) na uijaribu kwenye hifadhidata yenyewe kabla ya kugusa Python. Jina la jedwali, usipolibadilisha, ni la app likifuatiwa na la modeli kwa herufi ndogo.

sql = """
SELECT w.id, w.jina, COALESCE(SUM(m.kiasi), 0) AS jumla
FROM saccos_mwanachama w
LEFT JOIN saccos_mchango m
  ON m.mwanachama_id = w.id AND m.mwezi = %s
GROUP BY w.id, w.jina
"""

Sharti la mwezi limewekwa kwenye ON kwa makusudi. Ukilihamishia kwenye WHERE, mwanachama asiye na mchango hubaki na NULL (thamani tupu) upande wa pili, na kwa kuwa NULL hailingani na mwezi wowote, jina lake hutoweka: LEFT JOIN, inayobakiza wanachama wote, imegeuka INNER JOIN, inayobakiza wenye mchango pekee, na hakuna ujumbe wa kosa utakaouona.

Kisha iite:

orodha = Mwanachama.objects.raw(sql, [mwezi])

Alama ya %s usiizungushie nukuu, wala usipachike thamani kwa f-string, maana hapo unamfungulia mlango anayetaka kuingiza SQL yake. Safu ya id ni ya lazima. Bila ufunguo huu mkuu, unaotambulisha kila mwanachama, Django hukataa. Safu ya jumla, ambayo haimo kwenye modeli, utaisoma kama w.jumla ukipitia for w in orodha. SELECT * iepuke kabisa, kwa sababu majedwali yote mawili yana id na modeli yaweza kubeba isiyo yake.

Tangu toleo la 2.0 la Django kuna FilteredRelation inayoweka sharti kwenye ON bila SQL ghafi. Kwa kwiri ndogo kama hii, mimi ningeanza nayo.

Maswali ya wanakundi

Swali: Mwalimu, nikionyesha w.simu ukurasa unakuwa mzito sana. Kwa nini?

Jibu: Simu haimo kwenye SELECT, kwa hiyo Django huifuata hifadhidatani upya kwa kila mwanachama, watu 500 ni kwiri 500 za ziada. Iongeze kwenye SELECT na kwenye GROUP BY.

Swali: Nimeongeza LIKE 'A%' nikapata kosa.

Jibu: Ukishapitisha parameta, asilimia ya kawaida huandikwa mara mbili: LIKE 'A%%'.

Swali: Naweza kuendelea na .filter() juu ya orodha hiyo?

Jibu: Hapana, ndugu. Matokeo ya raw() hayana filter(), na ukikata orodha[:20] safu mlalo zote huletwa kwanza. Masharti, ORDER BY na LIMIT viandike ndani ya SQL.