Namna ya kukusanya habari za babu, kwa sisi watu wa kusini

Kwenye misiba yetu huku, kuanzia Kilwa mpaka Tandahimba, utasikia kila mtu anamsifia marehemu babu, alikuwa mtu wa watu, alikuwa na akili sana, hakuwa na makuu, afu arobaini ikiisha wajukuu wanapanda basi wanarudi zao Mbagala na hakuna hata mmoja anayeweza kukwambia babu alifanya nini hasa mpaka akaitwa mtu wa watu. Sifa zinabaki, matendo yanapotea. Ndo maana nataka tuelekezane namna ya kuyaokoa hayo matendo, maana mi na mabinamu zangu tumeifanya hii kazi kwa babu yetu mzaa mama, mkulima wa korosho upande wa Newala, na inawezekana kabisa hata kama huna hela, unahitaji simu, daftari na uvumilivu wa kukaa na wazee.

Cha kwanza na ndo kikubwa kuliko vyote, usiulize babu alikuwa mtu wa namna gani. Ukiuliza hivo utajibiwa sifa tu, mpole, mcheshi, mwenye busara, na sifa hizo wanapewa mababu wote Tanzania nzima. Uliza tendo. Kwa mfano "Bibi, kuna siku babu alimsaidia mtu mpaka ukakasirika?" Hilo swali lina mambo mengi sana ndani yake, kwa sababu msaada unatoka kwenye chakula cha nyumbani, na anayejua gunia lilipungua kiasi gani ni mke. Au "Mjomba, kuna siku watu walishindwa jambo babu akalitatua?" Na akianza kujibu usimkatishe, hata akihama akaingia habari ya ng'ombe wa jirani mwache aende nayo, atarudi mwenyewe na akirudi anakuja na kitu ambacho usingejua kukiuliza.

Nitoe mfano wa kwetu. Tulikuwa tunajua toka utotoni kwamba babu alikuwa na akili ya hesabu japo shule hakwenda, alisoma madrasa tu, basi, hapo ndo tulipokuwa tunaishia. Tulipouliza tendo mjomba akasimulia kwamba kuna msimu wakulima walikuwa wanalalamika kilo zao zinapungua kwenye mzani, kila mtu ananung'unika pembeni lakini hakuna wa kumsemesha karani. Babu akatafuta jiwe zuri zito, akalipeleka dukani kwa mtu anayemwamini likapimwa mbele ya mashahidi, akalichonga alama. Siku ya kuuza korosho akafika na gunia zake na jiwe lake, akamwamkia karani vizuri kabisa, akasema "Mwanangu, nianzie kunipimia hili." Jiwe likawekwa juu ya mzani, foleni nzima inatazama ile namba. Babu hakugomba wala hakumwita mtu mwizi, alisema tu jiwe hili dukani lina kilo kadhaa na mashahidi hawa hapa. Mzani ukarekebishwa siku ileile, na waliopimiwa asubuhi wakaitwa warudi. Ona sasa, hapo kuna akili na kuna wema na kuna adabu yake yote mzee, na hakuna mtu aliyehitaji kusema "alikuwa na busara". Na lile jiwe lipo mpaka leo, mama mdogo anazuilia mlango wa jiko, alama yake ni mistari miwili iliyokatana, imejaa masizi lakini ukipitisha kidole unaisikia. Tumelipiga picha. Kwa hiyo na nyie ulizieni vitu, panga, fimbo, redio, kinu, kibao cha mbuzi, kila kitu alichokishika mzee kina stori yake.

La pili ni nani wa kuulizwa, na hapa wengi wanaishia kwa baba zao na shangazi wanafunga daftari. Sisi Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua asili yetu ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo babu yako zamani alikuwa mjomba wa watu kabla hajawa babu wa mtu, na wapwa zake, yaani watoto wa dada zake, wanamjua kwa namna ambayo watoto wake wa kuzaa hawamjui, wao ndo alikuwa anawaoza, anawalipia faini, anawasimamia jando. Watafute hao hata kama wamehamia Liwale au Ruangwa. Kama alikuwa na wake zaidi ya mmoja kila nyumba ina babu wake, nenda kila nyumba kivyake, usiwakalishe wote mkeka mmoja ukategemea watafunguka.

Afu kuna majirani. Kuna mama mmoja mjane aliyepakana na shamba la babu, yeye ndo alitwambia kwamba mikorosho miwili ya mpakani ilikuwa ya babu lakini toka mumewe afariki babu alimwambia awe anaokota yeye, na akimwona mtoto wa kwetu anasogea pale anamrudisha. Nyumbani tulikuwa tunajua ile mikorosho ni ya yule mama! Bibi mwenyewe aliijua siri hiyo siku tunarekodi, akanyamaza kidogo akasema "ndo zake." Mtu mkarimu kweli huwa hatangazi, kwa hiyo habari zake ziko kwa waliopokea, ukibaki ndani ya familia peke yake hutozipata.

Sasa kuna jambo la tahadhari. Ukifika kijijini na daftari unauliza babu alikuwa na shamba wapi na mikorosho mingapi, wazee watafunga midomo, na wana haki, maana migogoro ya mirathi imevunja familia nyingi huku. Nenda kwanza kwa mkubwa wa ukoo, bila haraka, mkishasalimiana mwambie wazi sijaja kwa habari ya mali, nimekuja kwa habari ya maisha yake. Na mambo ya mipaka ukisimuliwa usiyaweke kwenye kitabu cha familia bila ruhusa ya wenyewe. Hata ile habari ya mikorosho miwili tuliwauliza kwanza wote wawili, bibi na yule mama, ndo tukaandika.

Wakati wa kwenda pia uangalie. Msimu wa korosho ukikolea, Oktoba Novemba, hakuna mtu wa kukaa na wewe kitako asubuhi, watu wako shamba. Lakini ukikubali kuokota nao ni wakati mzuri kuliko yote, kwa sababu mikono ikiwa na kazi mdomo unakuwa mwepesi, wewe tenganisha korosho na bibo huku unauliza. Wakati wa kumenya ming'oko, vile viazi pori vya huku kwetu, jioni nao ni vilevile. La sivyo subiri mvua ziishe na mavuno yaingie ndani, mwezi wa sita hivi, japo hapo wengine wanaanza kupulizia mikorosho salfa, ile dawa ya unga, basi nenda jioni.

Kurekodi tumia kinasa sauti cha kwenye simu, weka simu flaiti modi isije ikaingia simu ya mtu katikati ya maneno, iweke juu ya kitambaa karibu na msemaji, na usirekodi chini ya bati wakati mvua inanyesha maana hutosikia kitu. Omba ruhusa kabla ya kubonyeza. Mwanzoni useme tarehe, mahali na jina la anayesimulia, maana baadaye ukiwa na mafaili mengi yanayofanana utachanganyikiwa. Kama bibi anaongea Kimakonde au Kimwera chake mwache aongee hivohivo, mambo mengine kwa Kiswahili anayafupisha, utatafuta wa kukusaidia kufasiri baadaye. Ndugu walio mbali watume voisi kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, ila wape swali moja tu kila wiki, ukiwarundikia maswali kumi wataweka dole gumba na kukaa kimya. Na voisi zote ziokoe nje ya simu siku hiyohiyo, kwenye imeili au kompyuta ya mtu, simu zinaibiwa.

Tarehe zitakusumbua kwa sababu wazee wengi hawakuandikiwa. Usiulize mwaka, uliza kulikuwa na nini. Bibi akikwambia aliolewa treni ya Nachingwea ikiwa bado inatembea, basi ni kati ya mwisho wa miaka ya 40 na mwanzo wa miaka ya 60, ile reli ilijengwa kwa ajili ya ule mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na baadaye ikang'olewa. Vipo vingine vya kushikia, kimbunga kilichopiga Lindi 1952, bandari ya Mtwara kufunguliwa 1954, uhuru 1961, wakimbizi kuvuka Ruvuma vita ya Msumbiji ilipoanza 1964, Azimio la Arusha 1967, kuhamia vijiji vya ujamaa miaka ya 70, vita ya Kagera 1978, na daraja la Mkapa pale Rufiji 2003, kabla ya hapo kila mtu ana stori yake ya kulala kivukoni. Makaratasi nayo yanasema, kadi ya TANU lazima ni ya kabla ya Februari 1977 chama kilipoungana na ASP kuwa CCM, na ukikuta karatasi ya mtu wa Lindi imeandikwa Mkoa wa Mtwara usidhani wamekosea, Lindi ilikuwa ndani ya Mtwara mpaka 1971. Picha za zamani zipige kivulini bila fleshi, majina ya waliomo yaandike nyuma kwa penseli, kalamu ya wino inatokeza mbele.

Mkikuta wawili wanapingana, mmoja anasema jiwe lilitoka mtoni mwingine anasema lilitoka kwenye msingi wa nyumba, andika yote mawili na nani kasema. Na kama babu alikuwa na hasira au aliwahi kukosana na mwanawe kwa miaka, usilifiche jambo ambalo kila mtu analijua, muulize huyo mwana anataka lisemwe vipi, likae kwa maneno yake.

Mkishaandika, msiende kuprinti moja kwa moja. Kusanyikeni, siku ya hitma au sikukuu watu wakiwa wengi, mtu mmoja mwenye sauti asome taratibu mbele ya wazee. Watasahihisha majina, watacheka, na ataibuka mmoja aseme "hamjaandika ile ya kisima", hapo rekodi tena. Ndo mpeleke steshenari, karatasi za kawaida na baindingi ya pete inatosha, muache kurasa tupu mwishoni, na mbele muandike tarehe ya toleo, kwa sababu mwakani kuna mpwa atatokea Liwale na habari ambayo wote hamkuwa nayo na itabidi mprinti upya.