SOMO: Nairobi hadi New York kwa ndege, umbali na saa halisi za safari

Wakuu, wengi wetu tunachukua kilomita, tunagawa kwa kasi ya ndege, basi. Kwa safari ndefu hesabu hiyo hukosea karibu saa mbili. Tutumie njia ambayo Kenya Airways ilianza kuruka moja kwa moja Oktoba 2018.

Hatua ya 1: Umbali
Rula weka pembeni, ramani ya ukutani inadanganya. Vuta uzi juu ya tufe la dunia. Rula ingekupitisha Mali na Mauritania, lakini uzi unakata Algeria na Morocco, na huo ndio mfupi: kama kilomita 11,840. Rubani huukaribia tu, maana kuna upepo, dhoruba na anga zilizofungwa.

Hatua ya 2: Muda
Boeing 787 huenda kama kilomita 900 kwa saa. Gawanya, unapata saa 13 na dakika 10 hivi. Mbona ratiba inasema karibu 15 kwenda na 14 kurudi? Kwanza, ratiba huhesabu tangu ndege inaachia geti hadi inasimama kule. Pili, huko juu, kaskazini mwa tropiki, upepo mkali hutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda unakukabili, ukirudi unakusukuma.

Hatua ya 3: Tiketi
Hapa ndipo watu hupotea. Kila saa kwenye tiketi ni ya mahali husika. Tuseme unaondoka 23:30 Jumatatu, unafika 06:30 Jumanne. Si safari ya saa saba! Majira ya baridi New York iko nyuma yetu saa 8, kwa hiyo 06:30 yao ni 14:30 ya Nairobi. Jumla saa 15. Wakisogeza saa zao majira ya joto, tofauti inakuwa 7.

MASWALI

Mkuu, kwa nini iondoke usiku?
JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, iko kama mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na jua la mchana huizidishia wepesi. Usiku wa baridi ndege hupaa na mzigo mkubwa zaidi wa mafuta.

Mimi niko Dar, napitia Doha. Nitumie 11,840 hiyo hiyo?
Hapana ndugu. Pima kila kipande: Dar–Doha kama 3,800, Doha–New York kama 10,800. Kisha ongeza muda wa kusubiri. Doha na Dar saa ni moja, hapo usibadilishe kitu.

Mama anarudi Januari, tiketi inasema anaondoka 12:30 mchana. Tumpokee lini?
Ongeza saa 14 za safari na 8 za tofauti: 10:30 asubuhi ya kesho yake. Anayempokea asiende JKIA siku ile ile.