Umeletewa mwalimu wa BTP (mwanachuo wa ualimu aliye kwenye mazoezi ya kufundisha): namna ya kumtazama darasani na kumpa mrejesho

Kila msimu wa BTP napata ujumbe uleule: "Mwalimu, nimeletewa mwanachuo, nimfanyeje?" Naandika hapa mara moja. Mkiuliza tena nitawarudisha hapahapa.

1. Mtambulishe kama mwalimu. Ukisema "huyu anajifunza", kidato cha pili watammaliza.

2. Siku za mwanzo akae nyuma akutazame wewe.

3. Pitieni andalio la somo kabla ya kipindi. Muulize: kengele ikilia, mwanafunzi ataweza kufanya nini ambacho hakukiweza alipoingia? Akibabaika, andalio kanakili kwa mwenzake.

4. Ukiwa nyuma, andika ulichokiona. "Hashirikishi wanafunzi" ni hukumu, atabisha. Chora madawati, weka alama kila mwanafunzi anapoulizwa. Andika pia maneno yake: "Tumeelewana?" na ile "ndiyoooo" ya darasa zima. Alama zikijaa safu ya mbele tu, karatasi imeshasema.

5. USIMSAHIHISHE MBELE YA WANAFUNZI. Hapa ndipo tunapoharibu, nami nimo. Kaandika ubaoni 1/2 + 1/3 = 2/5, mkono unakuwasha, unainuka kuchukua chaki. Kaa! Ukiinuka, hesabu itanyooka ila mwalimu utakuwa umempoteza: kuanzia hapo kila akiandika kitu, darasa zima litageuka kukutazama wewe wa nyuma. Mwambie mkitoka, kipindi kinachofuata alirudie swali mwenyewe: "Jana tulijumlisha hivi, nani anaona kasoro?" Na msicheleweshe, wanafunzi wasije wakalihifadhi kosa. Tahadhari: kukaa kimya kuna mpaka. Akiwa maabara anataka kumwagia maji kwenye asidi kali, msimamishe papo hapo, heshima mtaitafuta baadaye. Tahadhari nyingine: kutikisa kichwa na kuguna huko nyuma nako ni kusahihisha. Wanafunzi wanaona.

6. Mrejesho siku hiyohiyo, chini ya mwembe, mbali na ofisi ya walimu. Aanze yeye. Kisha mpe karatasi yako, mchague jambo MOJA la kurekebisha. Ukimpa tisa ataitikia "sawa mwalimu" na hatafanya hata moja.

7. Rudi kutazama jambo hilohilo.

MASWALI

Kipindi_cha_Saba: Shukrani mkuu. Sasa nimpe alama ngapi?

Jibu: Umeona alama wapi kwenye somo hili? Fomu anayo, jaza kwa haki.

Mzee_wa_Ratiba: Mimi nimemwachia vipindi vyangu vyote, nipo shambani. Mrejesho naweza kumpa kwa simu?

Jibu: Mrejesho wa nini, na hukumwona? Soma namba 4.

Mzee_wa_Ratiba: Sisi wengine tulifundishwa hivyo na tukawa walimu.

Jibu: Haya.

Madamu_Bios: Kaka, wangu somo analijua vizuri ila Kiingereza kinamkwamisha. Akikwama anasoma kitabu neno kwa neno. Nianzie wapi?

Jibu: Swali zuri, dada. Usianze na sarufi, utamfunga mdomo kabisa. Kwenye andalio aandike sentensi chache zinazobeba somo pamoja na maswali atakayouliza, ayaseme kwa sauti mbele yako kabla ya kipindi. Akikwama katikati, aeleze maana kwa Kiswahili, kisha arudi kwenye istilahi ubaoni. Sarufi mtaichukua kidogo kidogo, akishazoea darasa.

Madamu_Bios: Na kama kanizidi umri?

Jibu: Mwombe yeye akutazame kwanza, akupe wewe mrejesho. Baada ya hapo zamu yake haitakuwa nzito.

Chaki_Nyeupe: Naongezea. Wenye vikao vya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) shuleni, pelekeni tatizo mezani bila jina la mtu. Mtashangaa wakongwe wangapi wanalo.

Kipindi_cha_Saba: Wangu mwandiko wake ubaoni unapanda mlima.

Chaki_Nyeupe: Augawe ubao kwa mistari miwili ya wima kabla hajaanza. Mstari mfupi haupati nafasi ya kupanda. Na akiandika, asogee na miguu, asivute mkono.