Kujiandaa kwa Mafuriko katika Uwanda wa Kano na Mwambao wa Ghuba ya Winam

Wakazi wa Ahero, Kadibo na Nyakach, katika kaunti ya Kisumu nchini Kenya, hawahitaji kuelezwa kwamba mafuriko yapo. Jambo ambalo kaya nyingi hazijalikalia chini na kulijadili ni lini hasa zitakapoondoka nyumbani, na ni nani atakayetoa kauli hiyo. Turubai, tochi na chakula cha akiba vina umuhimu wake, lakini havimfai mtu aliyengoja hadi maji yakaingia chini ya kitanda. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya familia zinazoishi kati ya mto Nyando na Ziwa Victoria, ingawa wenzetu wa Budalang'i walio kandokando ya Nzoia, na wa Nyatike walio karibu na mto Kuja, watakuta sehemu kubwa yake inawahusu.

Maji ya mto na maji ya ziwa

Kabla ya kununua chochote, tambua ni maji gani yanayokutishia, kwa sababu maandalizi yake hayafanani. Nyando hukusanya maji yake katika miinuko ya Nandi, Tinderet na Londiani, hushuka kwa kasi, kisha hufika kwenye uwanda ulio karibu bapa kabisa. Hapo mkondo hupungua nguvu, hutua udongo uliobebwa kutoka mashambani huko juu, na mto huzidi kuwa na kina kifupi mwaka hadi mwaka, hivyo kwamba maji yakija kwa wingi hayana pa kupita ila juu ya kingo. Ndiyo maana mtu anaweza kulala Kadibo chini ya anga yenye nyota, bila tone la mvua, na kuamka amezungukwa na maji yaliyonyesha Nandi jana alasiri. Udongo mweusi wa Kano nao hunywa maji polepole mno, kwa hiyo kilichomwagika hukaa.

Ziwa halina haraka ya namna hiyo. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kiwango ambacho halikuwa limekifikia tangu mwaka 1964, na mwaka 2024 likapanda tena sana. Nyumba, vyoo, visima na mashamba ya mwambao yakabaki ndani ya maji, si kwa siku chache bali kwa miezi. Ziwa likiwa juu, mto pia hukosa pa kumwagia maji yake, na walio karibu na mdomo wa mto hupigwa kutoka pande zote mbili.

Anayetishiwa na mto, basi, anahitaji tahadhari ya saa chache na mahali palipoinuka pa kukimbilia. Anayetishiwa na ziwa anahitaji mpango wa kuhama kwa muda mrefu: mahali pa kujenga upya au kupanga chumba, shule itakayowapokea watoto, na uamuzi wa kung'oa mabati na milango mapema, wakati bado vinaweza kubebwa vikiwa vizima. Kuyangoja maji ya ziwa yapungue wiki ijayo ni tumaini lililowagharimu wengi mali yao.

Amueni mapema siku ya kuondoka

Mvua za masika huja kati ya Machi na Mei, na za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Kabla ya kila msimu, Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa jumla, kisha hutoa taarifa za siku chache zijazo na tahadhari za mvua kubwa, ambazo hutangazwa pia kwenye redio za Kiswahili na za Dholuo. Tahadhari inapotaja mvua ya milimita 20 kwa saa 24, wengi huiona kuwa ndogo. Ipigie hesabu: milimita moja ni lita moja ya maji kwa kila mita moja ya mraba, kwa hiyo milimita 20 zikinyesha kwenye ekari moja ni takriban lita 80,000. Zidisha hizo kwa maelfu ya ekari za miteremko ya Nandi, na utaelewa kwa nini utabiri wa nyanda za juu unatuhusu kuliko utabiri wa Kano yenyewe.

Kwa sababu hiyo, tafuta mtu anayeishi upande wa juu wa mto, awe Muhoroni, Chemelil au Kibigori, mkubaliane kwamba atakupigia simu mto utakapobadilika rangi na kuanza kubeba magogo. Kisha weka alama yako mwenyewe. Chagua nguzo au mti ulio karibu na mfereji au ukingo mnaoweza kuuona mkiwa mbali, upake mstari wa manjano mahali ambapo maji yakifika mnaanza kufungasha, na mstari mwekundu mahali ambapo yakifika mnaondoka. Mstari mwekundu uwe chini ya kiwango ambacho barabara yenu hufunikwa, la sivyo utawaambia muondoke wakati njia imekwisha kufungwa. Maji yakiwa yamevuka manjano na jua linakaribia kutua, ondokeni kabla ya giza bila kungoja nyekundu.

Hapa pana jambo ambalo miongozo mingi hulipita kimya. Mara nyingi anayekuwa nyumbani maji yanapokuja ni mama au nyanya pamoja na watoto, ilhali mwenye kauli ya mwisho yuko kazini Kisumu au Nairobi, na simu yake haipatikani. Familia ikubaliane, mbele ya wote, kwamba aliye nyumbani ndiye anayeamua, wala hatalaumiwa hata kama maji hatimaye hayakuingia ndani. Kuhama bure mara mbili ni hasara ndogo ukilinganisha na kuchelewa mara moja.

Muulize naibu wa chifu ni shule au kanisa gani litakalopokea watu katika kata ndogo yenu, kisha uende ukajionee, kwa kuwa baadhi ya shule zenyewe hufurika. Tembeeni njia hiyo kwa miguu pamoja na watoto, mkitazama makalvati na madaraja madogo ambayo hufunikwa kwanza. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 zinaweza kulisukuma gari dogo. Bodaboda isijaribu kabisa. Mama mjamzito aliyekaribia kujifungua, mgonjwa na mzee asiyeweza kutembea wasingoje mstari wowote: wapelekwe kwa jamaa walio karibu na hospitali tangu tahadhari ya kwanza itangazwe.

Mifugo ndiyo sababu kubwa inayowafanya wanaume wakatae kutoka. Haifai kuwakejeli, kwa maana ng'ombe hao ndio karo na akiba ya nyumba. Dawa ni kuwaondoa kabla ya watu: mwanzoni mwa msimu, patana na ndugu au rafiki aliye mahali pa juu awapokee ng'ombe kwa malipo au kwa mgao wa maziwa, ukibakiza mmoja wa kukamua. Walio salia wasifungwe kwa kamba usiku wa hatari, kwa sababu mnyama aliyefungwa huzama pale pale.

Vitu na nyumba

Mkoba wenyewe hauhitaji maelezo mengi. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, hatimiliki na kadi za kliniki vifungwe kwenye mifuko miwili ya plastiki, na picha zake zitumwe kwa jamaa wa mbali kupitia simu. Dawa za kila siku, ziwe za presha, kisukari, kifua kikuu au ARV, ziwekwe za kutosha wiki mbili. Hizi ndizo watu husahau, na ndizo ngumu zaidi kupata kambini. Ongeza vyandarua, nguo za watoto, kibiriti, tochi, sufuria moja, unga, na mtungi wa lita 20 wenye mfuniko.

Nyumbani, inua magunia ya nafaka na mbegu juu ya dari au jukwaa la nguzo. Zima swichi kuu ya umeme kabla ya kutoka, wala usiiguse ukiwa umesimama majini. Bonde hili la ziwa lina radi nyingi kuliko sehemu nyingi duniani, kwa hiyo wavuvi watoke majini na wakulima waache miti mirefu mara ngurumo inaposikika, na wangoje nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Baada ya maji kupungua

Usirudi usiku. Kuta za udongo zilizoloa huweza kuanguka siku kadhaa baada ya maji kuondoka, nyoka hujificha kwenye mapaa na marundo ya vyombo, na karibu na ziwa viboko na mamba hufuata maji hadi mashambani. Vyoo vikifurika, chukulia kwamba kila kisima cha jirani kimechafuka: chemsha maji ya kunywa hadi yatokote vizuri, au tia klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na ungoje nusu saa. Mtu akianza kuharisha maji matupu, mpeleke kituo cha afya mara moja, na njiani mnyweshe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kipindupindu huua kwa kukausha mwili, na kinaweza kufanya hivyo kwa saa chache. Vyandarua vitumike hata mchana kwa watoto wachanga, maana madimbwi yanayobaki ndiyo mazalio ya mbu.

Palipo na mtu aliyenaswa au aliyepotea, piga 1199, nambari ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, au 999 ya polisi. Hasara nayo iandikwe mapema: piga picha za nyumba, shamba na mizoga kabla ya kusafisha, kisha upeleke orodha yako kwa mzee wa kijiji na naibu wa chifu, ukihakikisha kwamba jina la anayeishi humo kweli, akiwamo mpangaji na mjane, ndilo lililoandikwa.