Usuluhishi kazini: kwanza mtafute msuluhishi asiyeogopwa

Tulipoanzisha usuluhishi kazini kwetu, msuluhishi nilikuwa mimi, afisa utumishi. Miezi minne ikapita, hakuna aliyebisha hodi. Mama mmoja wa stoo ndiye aliyenifumbua macho: "Barua za onyo unaandika wewe. Sasa nikueleze nini?"

Basi anzia hapo. Msuluhishi asiwe na mkono kwenye mishahara, uhamisho wala nidhamu. Shirika likiwa dogo, tafuta mtu wa nje. Posta ya Marekani, iliyoanza usuluhishi wa malalamiko ya ubaguzi mwaka 1994, ilitumia watu wa nje. Sharti lake moja nimeliiga bila haya: mfanyakazi anaingia kwa hiari, lakini akishachagua njia hiyo, msimamizi wake lazima afike kikaoni.

Kisha andika kanuni, ukurasa mmoja tu. Taja yanayoletwa: zamu, kauli chafu, idara kurushiana lawama, bosi kujibebea sifa za kazi ya mwingine. Taja na yasiyoletwa: wizi, kupigana, unyanyasaji wa kijinsia. Hayo ni ya uchunguzi rasmi, msiyafunike kwa kupeana mikono. Mtu akija kusuluhishwa hajapoteza haki ya kushtaki. Na kama sheria imeweka ukomo wa siku za kufungua shauri, ziandike hapohapo, zisije zikampita akisubiri vikao. (Wanasheria watataka kurasa kumi. Wakatalie.)

Jaribuni kwenye idara moja kwanza, ikiwezekana ile yenye mkuu mkorofi. Yeye akikubali kuketi, wengine watafuata.

Siri ndiyo kazi yenyewe. Tulimpata mwalimu mstaafu. Kesi yake ya kwanza ilikuwa ya mafundi wawili waliogombania zamu za usiku. Alimsikiliza kila mmoja peke yake, kisha akawaketisha pamoja. Wakanyamaza, macho kwenye daftari lake. Akaelewa. Akachana kurasa alizoandika, akawapa wazichanechane wenyewe. Hilo walinisimulia wao. Mengine yaliyosemwa humo siyajui hadi leo, wala sitakiwi kuyajua.

Kilichofika mezani kwangu ni karatasi yenye sahihi mbili: zamu za usiku watapokezana kila wiki, na anayetaka kubadilishana atoe taarifa siku 3 kabla. Nikaibandika kwenye ratiba.