SOMO: Gari la taka linapita saa mbaya? Pita njia hii

Wadau wa Mbeya, mtaani kwetu gari la taka lilikuwa linapita saa nne asubuhi, watu tuko sokoni Mwanjelwa tunahangaika. Ukitoa kiroba alfajiri, mbwa wanakitawanya. Ukikiacha ndani, funza. Tukawa tunagombana na dereva bure, maana saa hapangi yeye.

1. Nenda kwa mtendaji wa mtaa, uulize saa imeandikwa wapi. Ikiwa kwenye mkataba wa mzabuni (aliyepewa kazi ya kuzoa taka) na yeye haifuati, mpelekee afisa afya wa kata. Huna haja ya mkutano. Ikiwa ni ratiba tu, inabadilishika. Ikiwa ndani ya sheria ndogo, jifunge mkanda: halmashauri ya jiji hutunga chini ya Sura 288 (sheria ya serikali za mitaa za mijini), wananchi tunatoa maoni, madiwani wanapitisha, waziri anaidhinisha, ndipo itoke kwenye Gazeti la Serikali. Kwetu ilikuwa ratiba. Bahati.

2. Kwa wiki mbili andika gari limefika saa ngapi. Mimi nilitumia kalenda ya ukutani, wanangu wakacheka.

3. Peleka hoja mkutano wa mtaa, ukiwa na pendekezo MOJA tu la saa. Sisi tulikwenda na "asubuhi na mapema", mama ntilie wakataka jioni kwa sababu makapi yao ni ya mchana, ikawa vurugu, tukarudi nyumbani. Mkutano wa pili tukakubaliana saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na mama ntilie wakapewa pipa lenye mfuniko. Hakikisha muhtasari umesainiwa.

4. Muhtasari uende Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwenyekiti wake ni diwani, kwa hiyo mtafute kabla ya kikao.

MASWALI

– Shikamoo mwalimu. Nisilipe ada hadi wabadilishe saa?
Marahaba. Usithubutu. Ada ina sheria ndogo yake, utapigwa faini wewe na saa ibaki palepale.

– Mkuu, niko Iringa, Kihesa. Masika gari halipandi kwetu, saa itanisaidia nini?
Hapo omba kituo cha kukusanyia chini barabarani, na saa ya toroli kushuka iandikwe kabla ya saa ya gari. Toroli likichelewa, taka zinalala barabarani.

– Kwenu sasa linafika kwa wakati?
Jumatano ndiyo. Jumamosi bado naandika kwenye kalenda.